Mrejesho: Intaneti ya nyumbani, Shangani Mtwara

Wakuu, niliuliza hapa: nibaki na ruta ya laini ya simu au nivute faiba, yaani intaneti ya waya hadi nyumbani? Nipo Shangani, Mtwara, nafanya kazi za uhasibu nyumbani, na watoto wawili hawabanduki kwenye katuni.

Nimevuta faiba. Mkuu uliyeniambia niulize majirani kabla ya kuwasikiliza wauzaji, asante sana. Jirani wa nyumba ya tatu alishaunganishwa, akaniruhusu nijaribu yake saa mbili usiku, muda ambao ruta yangu hutambaa kama kobe. Yake haikutetereka hata kidogo. Hapo mjadala ukaisha.

Fundi alimaliza kwa nusu siku. Kifurushi ni cha Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Mwanzoni nililalamika kwamba faili linashuka kwa megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, kumbe ndiyo hesabu yenyewe, maana biti 8 ndiyo baiti 1. Aibu ya mhasibu hiyo!

Umeme ukikatika ruta inazima, kwa hiyo nimeifungia betri ndogo ya volti 12. Ile ya laini siiuzi, inasubiri siku wachimba mitaro watakapokata waya.