Redio yetu imenunuliwa, mizani ya siasa imepotea. Nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri.

Naandaa kipindi cha asubuhi katika redio moja ya kaunti hapa Pwani ya Kenya (sitaitaja, nina watoto wa kulisha). Mwaka jana tulinunuliwa na tajiri mwenye vituo vingine viwili. Sasa vyote vitatu vinasoma taarifa ileile, na mwanasiasa yuleyule, rafiki wa tajiri, hakosi hewani. Wapinzani wake wakipiga simu, laini ina "hitilafu".

Najua si jambo geni. Kampuni ya habari ya Standard imehusishwa miaka mingi na familia ya rais wa zamani Moi, na ile ya Mediamax na familia ya Kenyatta, na bado tunasikiliza. Nimesoma Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010: wajibu wa kutopendelea upande umewekewa vyombo vya habari vya serikali, kama shirika la utangazaji la KBC. Sisi wa binafsi kinatukinga tusiingiliwe na serikali. Na mwenye kituo akiingilia je?

Nimeanza kuandika daftarini dakika anazopewa kila mwanasiasa. Niipeleke hesabu hiyo kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, au Mamlaka ya Mawasiliano, maana wao ndio hutoa leseni? Jina langu litafichwa? Ama nianze na mhariri, ambaye naye anaogopa kama mimi?

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, mambo yatazidi. Aliyepitia haya anisaidie. Ila msiniambie niache kazi, mke wangu ameshanikataza.