Kutoka Ziwa Kivu hadi msitu wa Nyungwe kwa baiskeli ya changarawe: nianzie Rubavu au Rusizi?

Kagera_Mwendo aliandika:

Wanajukwaa, habari za siku nyingi. Mimi ni mkazi wa Bukoba, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli ya changarawe katika barabara za vumbi za Muleba na Karagwe, ama peke yangu ama na rafiki mmoja asiyeweza kukipita kibanda cha kahawa bila kusimama. Julai nitakuwa na likizo ya siku tisa, na nimekusudia kuvuka Rusumo kwenda kupita ile njia ya Rwanda iitwayo Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, hadi Rusizi kusini. Nimevutiwa nayo kwa sababu katika safari moja mtu hupata ziwa, mito inayoporomoka kutoka milimani na, akikubali kugeukia mashariki mwishoni, msitu wa Nyungwe.

Naomba msaada katika mambo matatu. Nimesoma kwamba siku hizi ipo barabara ya lami inayolifuata ziwa hilohilo. Je, changarawe iliyobaki inatosha, au nitakuwa nimefunga tairi nene bure? Je, ni heri nianzie kaskazini au kusini? Na je, msituni mtu huruhusiwa kuingia na baiskeli? Tairi zangu zina upana wa milimita 40, na gia yangu nyepesi kuliko zote ni meno 40 mbele kwa 42 nyuma. Natanguliza shukrani.

MwanaKivu alijibu:

Ndugu Kagera_Mwendo, karibu sana. Njia hiyo nimeipita mara nne, na kila mara nimekuta kipande kingine kimetiwa lami, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Hata hivyo lami haikuimeza njia yote kwa kiasi kimoja. Kati ya Rubavu na Karongi, mji ulio karibu na katikati ya njia, barabara kubwa hukata juu ya rasi, ilhali njia ya zamani huteremka hadi ufukweni, hupita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba, kisha hupanda tena kwa hasira. Kusini mwa Karongi mambo ni tofauti, kwa maana sehemu kubwa ya njia ya zamani huko sasa iko chini ya lami au kandokando yake. Ushauri wangu ni kwamba nusu ya kaskazini uipe siku tatu kamili, nusu ya kusini uipite kwa siku mbili, na siku utakazookoa uzipeleke msituni.

Usidanganywe na neno ziwa ukadhani utaendesha tambarare. Uso wa Kivu uko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wake umekatwakatwa kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo. Kila kijito kinachoingia ziwani kimechimba bonde lake, na kila bonde kwa mwendesha baiskeli ni mteremko, daraja na mpando, kisha hayo yote upya baada ya kilomita chache. Nimewahi kumaliza siku nzima nikiwa nimesogea kilomita 38 tu, na jioni miguu iliniuma kuliko siku nilizokwenda kilomita 100 za lami. Mito hiyo si ya kudharauliwa pia. Sebeya, utakaouvuka mara tu baada ya kutoka Rubavu, ndio uliofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba nyingi bondeni mwake. Julai utaukuta umetulia, lakini mtu asipange safari hii Aprili au Novemba kwa kuangalia picha za kiangazi.

Kuhusu mwelekeo, mimi husema kaskazini kwenda kusini, wala sioni sababu ya kigugumizi. Changarawe ngumu utaikabili ukiwa na nguvu mpya, na ukifika Nyamasheke utaikuta njia panda ya barabara ya Rusizi kwenda Huye, itakayokupitisha Nyungwe na kukuelekeza nyumbani bila kurudi ulikotoka. Barabara hiyo huvuka mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nili, na hapo wewe mtu wa Bukoba usimame kidogo: mvua inyeshayo upande wa magharibi huishia Kivu, ikashuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika na hatimaye mto Kongo, lakini inyeshayo upande wa mashariki hufuata Nyabarongo, ikawa Akagera, ambao ni huohuo Kagera wenu unaoingia Ziwa Viktoria kaskazini mwa mji wenu.

Kwa malazi na chakula usihofu. Kinunu pana kituo cha kuoshea kahawa chenye nyumba ya wageni karibu na maji, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo kama dagaa, utawapata karibu kila mahali penye gati. Ukilala ufukweni utawasikia wavuvi wakiimba usiku, wakiwa katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwa zimewashwa kuwavuta samaki. Kuogelea kunawezekana, kwani Kivu haina mamba wala kiboko. Jambo moja tu: upande wa kaskazini, hasa karibu na Goma, ipo mifuko ya hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, ambayo wenyeji huiita mazuku, na imeshaua watu na mifugo. Kwa hiyo usipige hema shimoni kwa kukwepa upepo. Na kuvuka kwenda Goma au Bukavu usikuweke katika mpango wako kabisa, kwa sababu ya vita vilivyoifikia miji hiyo miwili mwanzoni mwa 2025.

Fundi_Spoku alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila tairi na gia hakuzigusa, na hapo ndipo safari nyingi hufia.

Milimita 40 zinatosha kwa Julai ikiwa hubebi mzigo mzito. Kama fremu inaruhusu 45, funga 45, kwa sababu miteremko ya Rutsiro, katika nusu ya kaskazini, ina mawe yaliyolegea na utahitaji kupunguza upepo bila kugonga rimu. Gia ya 40 kwa 42 ni nzito ukiwa na mikoba, na wewe mwenyewe utaligundua hilo siku ya kwanza kabla ya saa sita mchana. Badilisha padi za breki kabla ya kuondoka hata kama zimebaki nusu, kisha ubebe jozi nyingine, kwani vumbi jekundu huzila kama msasa.

Mafundi utawakuta kila senta, tena ni hodari, lakini wamezoea baiskeli za mizigo na za abanyonzi, yaani wabeba abiria. Tyubu zao zina vali nene na pampu zao hazishiki vali nyembamba, kwa hiyo beba tyubu zako mbili na kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia. Beba pia kile kipande cha alumini kinachoshikilia kibadili gia kwenye fremu. Mimi kilinivunjikia mwezi Desemba, udongo wa mfinyanzi ulipojaa kati ya tairi na fremu nami nikalazimisha kukanyaga badala ya kushuka na kuukwangua kwa kijiti. Nilisukuma baiskeli kwa saa nne.

Dada_Pedeli alijibu:

Ndugu zangu, mmeiharakisha mno nusu ya kusini. Ni kweli kwamba lami ipo, lakini rasi za Nyamasheke bado zina njia nyingi za udongo zinazoteremka hadi majini, na mtu mwenye subira anaweza kuiacha lami mara mbili au tatu kwa siku na kuirudia jioni. Chai ya Gisakura nayo, jinsi mashamba yake yanavyoishia ghafla kwenye ukuta wa msitu, haifai kupitwa mbio.

Swali la msitu halijajibiwa sawasawa. Nyungwe ni hifadhi ya taifa yenye takribani kilomita za mraba 1,000, na mwaka 2023 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Barabara kuu inayokatiza hifadhi iko wazi kwa baiskeli, lakini njia za ndani hulipiwa na huingiwa pamoja na mwongozaji, kwa hiyo usijipenyeze katika kichochoro chochote utakachokiona. Hiyo barabara kuu ni lami tupu. Changarawe hapo usiitarajie. Hupanda hadi karibu mita 2,500, ukungu ni wa kawaida hata kiangazi, na malori hupita kwa kasi katika kona. Ondoka Gisakura alfajiri, vaa kizibao chenye rangi ya kung'aa, washa taa ya nyuma mchana kutwa, na ubebe chakula na maji ya kukufikisha Kitabi, upande wa pili wa msitu, kwa sababu katikati hakuna mji. Kima utawaona bila kulipa chochote, wamekaa pembezoni mwa lami kama wazee wa baraza.

Kuna mambo mengine madogo ambayo ukitoka Tanzania yatakusumbua usipoyajua. Ukishavuka Rusumo, unaendesha kulia. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, nawe umezoea jua kuzama karibu saa moja jioni. Kule huzama karibu saa kumi na mbili, na baiskeli nyingi za mizigo hazina taa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wote, maduka hufungwa na barabara hutulia, kwa hiyo asubuhi hiyo panga kupumzika. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kiswahili kitakutosha Rubavu na Rusizi, ila milimani jifunze angalau *iburyo* na *ibumoso*, kulia na kushoto, maana watoto watakaokukimbilia ndio watakaokuonyesha njia.

Kagera_Mwendo aliandika:

Nawashukuru nyote, na hasa wewe Dada kwa habari ya saa, maana nilikwisha kupanga kufika Karongi saa moja jioni. Nitaanzia Rubavu, na kusini nitajipa siku tatu badala ya mbili. Fundi, ni lipi lenye nafuu: nibadilishe gia za nyuma ziwe na meno 46, au nipunguze za mbele?

Fundi_Spoku alijibu:

Punguza za mbele ziwe 36. Ukipiga hesabu, 36 kwa 42 ni nyepesi kidogo kuliko 40 kwa 46, gharama yake ni ndogo, na hutalazimika kuuliza kama kibadili gia chako kinafika meno 46. Mnyororo utalegea kidogo, kwa hiyo toa viungo viwili, kisha upande nao Kanyigo, huko kwenu Kagera, ukiwa na mizigo yote kabla hujaondoka.