Kaseti za wazee wa reli na bandari ya Kisumu: nianzie wapi?

Nyar Nyalenda

Wadau, hamjambo. Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa historia hapa Kisumu. Miaka ya themanini, shule zikifungwa tu, alibeba redio-kaseti yake ya betri akawafuata wazee waliofanya kazi relini na bandarini, akaketi nao na kuwauliza maswali. Alituacha mwaka jana. Mama mkubwa amenikabidhi katoni nzima ya kaseti, nyingi za dakika 60, chache za 90. Juu ya kila moja kuna jina na mwezi, basi.

Hizo chache nilizosikiliza ni hazina. Mzee mmoja anaeleza jinsi mabehewa yalivyoingizwa ndani ya MV Uhuru, ile meli ya ziwani ya kubeba mabehewa, yakiwa yamesimama juu ya reli zake, na kelele za watu wa kufunga minyororo. Mwingine anarudia aliyosimuliwa na babake kuhusu gari la moshi kufika 1901, mji ukiitwa Port Florence. Kuna anayelia kabisa akifika 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na wenzake wa Uganda wakafunga virago.

Sasa shida. Baadhi ya kanda zinatoa mlio mwembamba zikizunguka. Nyingine sauti imefunikwa, husikii "s" wala "f". Wazee wanachanganya Dholuo, Kiswahili na Kiingereza cha reli, na binamu zangu wanataka kijitabu cha Kiswahili safi cha kugawa siku ya ukumbusho, Desemba. Halafu hii inayonikosesha usingizi: mzee anaanza kuzungumzia Oktoba 1969, siku Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ya Russia na watu wakapigwa risasi. Katikati anasema, "Mwalimu, zima hiyo kitu." Baba mkubwa hakuzima. Dakika kumi na kitu zinaendelea. Nizifanyeje?

Fundi wa Kanda, Nakuru

Dadangu, kwanza acha kuzisikiliza. Kanda ya umri huo ukiicheza, icheze ikiwa inanakiliwa, maana huenda hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kucheza vizuri. Pili, angalia mgongo wa kila kaseti, pale juu kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje leo. Bila vijino deki haiwezi kurekodi juu yake, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Sauti iliyofunikwa mara nyingi si ugonjwa wa kanda. Kichwa cha redio ya mwalimu, yaani kile kidude kinachosoma kanda, kilikuwa kimeinama kidogo na cha deki yako kimesimama, kwa hivyo haviongei. Kando ya kichwa kuna skurubu ndogo yenye springi. Izungushe polepole kanda ikicheza hadi "s" zirudi. Utafanya hivyo kwa kila kanda, ndiyo, kila moja. Safisha kichwa na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti kabla hujaanza. Na kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mvumo wa kanda, kizime! Redio ya betri ya wakati ule haikuwa na Dolby, ukiiwasha unaifunika sauti mara ya pili.

Mlio mwembamba: peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe yote, bila kuicheza. Ukibaki, hamisha utepe kwenye ganda jipya la kaseti, lile linalofungwa kwa skurubu. Mtandaoni utasoma habari za kuoka kanda kwenye oveni. Hiyo ni dawa ya aina fulani za kanda za rili, usije ukapika urithi wa watu.

Deki tafuta ya mezani, sokoni Kibuye siku ya Jumapili hazikosekani, ila usilipe kabla hujaiona ikizunguka. Mpira wa ndani huwa umelegea, fundi aubadilishe. Vile vidude vya bei rahisi vinavyochomekwa kwenye kompyuta achana navyo, vinayumba mwendo. Rekodi kwa Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, faili ya WAV isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya mono, yaani sauti ya njia moja, ni kama MB 520. Usihifadhi MP3 peke yake, ukishabana hurudishi kilichotupwa.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Naongezea upande wa kuandika, maana hapo ndipo watu huchoka. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kuandika, na kwa lugha tatu utazidi. Zile programu za kuandika zenyewe, kama Whisper, zinajua Kiswahili kiasi, lakini Dholuo haimo. Mzee akibadilisha lugha zinaanza kubuni maneno, tena kwa ujasiri. Tumia ELAN, programu ya kuandika ukisikiliza. Inakuwezesha kuweka mstari wa alichosema mzee kama alivyosema, na chini yake mstari wa tafsiri, vyote vimefungwa kwenye sekunde ileile ya sauti.

Kijitabu cha Kiswahili safi kitoke kwenye ule mstari wa pili. Wa kwanza msiuguse. Mzee akisema "stesen masta" na nusu ya sentensi ikiwa Dholuo, ndivyo reli ilivyoongea. Mimi hata kikohozi cha kabla ya jibu gumu hukiandika. Desemba lakini ni karibu mno, toeni sura mbili tatu.

Mama Kakamega

Hiyo ya 1969 ninaiona tofauti na mtakavyoniambia. Mzee alisema zima. Kama yu hai, rudi kwake. Kama hayupo, wanawe wasikilize kwanza, wao peke yao. Na akitaja waliokufa au jirani aliyechukua ng'ombe wa watu, hao pia wana watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiyagusi mambo yanayobaki nyumbani, ila ukichapisha umetoka nyumbani, na mali na familia ya mtu aliye hai inazihesabu kuwa taarifa nyeti.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Mama, nakubali isichapishwe. Lakini isifutwe. Aliendelea kusema dakika kumi akijua mashine inazunguka.

Mama Kakamega

Umejuaje kwamba alijua?

Nyar Nyalenda

Mzee hayupo. Binti yake yuko Ahero, nitampelekea mwenyewe, si kwa WhatsApp. Hadi aseme, faili hiyo haiingii kwenye nakala za binamu. Fundi, moja tu: wakati wa kunakili, nipunguze mvua ya mabati inayosikika nyuma?

Fundi wa Kanda, Nakuru

Kwenye faili kuu hapana, mvua ibaki. Toa nakala ya pili ya kusikiliza, hiyo isafishe utakavyo, na jina lake liwe tofauti ili zisichanganyike. Nakala kuu ziwe tatu, moja isikae Kisumu. Kanda zinazolia zifanye mwisho, mkono ukishazoea.