Chucker imetokea kwenye simu ya mweka hazina: nitaibakizaje kwenye debug tu?

Fundi_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, jambo hili limeninyima usingizi.

Natengeneza app ya Android ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mwanza, wanachama 34. Natumia Chucker, maktaba ya ukaguzi, kuona maombi yanayokwenda kwenye seva na majibu yake. Jumamosi nilimtumia mama mweka hazina APK (faili la kusakinisha app) ya release, yaani toleo la watumiaji, aijaribu. Haikupita nusu saa akanipigia: "Mwanangu, hiki kinachoshuka juu ya simu ni nini?" Nikaenda dukani kwake, kumbe ni arifa ya Chucker, nikaigusa. Ikafunguka orodha: GET /wanachama, 200. Ndani yake majina, namba za simu, na salio la kila mtu. Upande wa ombi, tokeni ya Authorization (ufunguo wa kuingilia kwenye seva) iko wazi herufi kwa herufi. Watu hawa wamenikabidhi akiba zao.

Kwenye Gradle (zana ya kujenga app) nilikuwa nimeweka `implementation`, inayoingiza maktaba kwenye matoleo yote. Nimebadilisha kuwa `debugImplementation`, ya debug tu, yaani toleo langu la majaribio: debug inajengwa, release inagoma, `Unresolved reference: ChuckerInterceptor`. Nimeizungushia `if (BuildConfig.DEBUG)`, bado inagoma.

nyuzi_na_sindano
Pole mkuu. Hiyo `if` inasubiri app iwake, lakini kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa app) inalitaka darasa (class) lenyewe kabla ya hapo. Release haina Chucker, kwa hiyo jina halijulikani. Waliotengeneza Chucker wametoa maktaba pacha isiyofanya kitu, yenye majina yaleyale:

```
debugImplementation("com.github.chuckerteam.chucker:library:4.0.0")
releaseImplementation("com.github.chuckerteam.chucker:library-no-op:4.0.0")
```

Iondoe ile `if`, msimbo wako mwingine usiuguse. Kama una kitufe cha kuifungua Chucker, kionyeshe pale tu `Chucker.isOp` ni kweli.

Na hata kwenye debug weka `.redactHeaders("Authorization")`. Ila elewa kwamba inaficha vichwa (headers) vya ombi na jibu tu. Salio za watu ziko kwenye mwili wa jibu, zitaendelea kuonekana. Debug ijaribu kwa data ya kubuni.

Dada_wa_Gradle
Naongeza. Mimi napenda `src/debug` na `src/release`: faili moja la jina lilelile kila upande, lenye `fun zanaZaUkaguzi(context: Context): List<Interceptor>`. La debug linarudisha ChuckerInterceptor, la release linarudisha `emptyList()`. Hapo release haina hata `import` ya Chucker. LeakCanary (zana ya kutafuta kumbukumbu ya RAM inayovuja) haihitaji pacha, `debugImplementation` peke yake inatosha, maana tangu toleo la 2 inajiwasha yenyewe bila wewe kuiandikia msimbo.

Usiamini macho, kagua kabla hujamtumia mtu:

`./gradlew :app:dependencies --configuration releaseRuntimeClasspath`

Ukiona `library` bila `-no-op`, simama hapohapo.

nyuzi_na_sindano
Kuna jambo nimesahau, na ndilo zito. Chucker huandika kumbukumbu zake kwenye hifadhidata ndani ya app. Kwa kawaida inazifuta baada ya wiki moja, lakini anayefuta ni Chucker yenyewe. Mama akipokea APK mpya juu ya ile ya zamani, mfutaji hayupo tena na kumbukumbu zimebaki. Nenda ukafute data za app kwenye simu yake, au uiondoe kabisa ndipo uweke mpya. Tokeni ile ibatilishe kwenye seva leo.

Fundi_Kirumba
Asanteni sana. Tokeni nimeibatilisha usiku huohuo. Nimefuata njia ya dada, amri ya Gradle haionyeshi Chucker kabisa kwenye release. Asubuhi nimekwenda dukani, nimeiondoa app mbele ya mama na kuweka mpya, na nimemweleza kila kilichokuwa kinaonekana. Ameniomba nikaeleze pia kwenye kikao cha Jumapili. Nitakwenda.