Takwimu mwaka wa kwanza: nimekataa H0 kimakosa, nimekosea wapi?

mwaka_wa_kwanza

Habari wakuu. Nachukua kozi ya utangulizi wa takwimu, mwaka wa kwanza, upande wa biashara. Wastani, histogramu na uwezekano vilikwenda vizuri, ila tangu tuingie kwenye kupima nadharia tete maksi zinapotea. Jaribio la pili ni baada ya wiki tatu. Swali lenyewe hili:

"Mifuko 8 ya unga iliyoandikwa gramu 1000 ilipimwa: 992, 1001, 988, 995, 1003, 990, 994, 997. Kwa α = 0.01, pima kama wastani wa mifuko yote ni gramu 1000."

Nilipata wastani 995, mkengeuko sanifu 4.848, nikagawa mkengeuko kwa √8, kisha nikagawa tofauti ya 995 na 1000 kwa jibu hilo, mwisho nikapata z = −2.92. Mpaka wa α hiyo (hatari ya kukataa H0 iliyo kweli) ni 2.576, na 2.92 imeuvuka, nikakataa H0 (dai kwamba wastani ni 1000). Nimepewa 3 kati ya 10, na pembeni imeandikwa "s?" na "t!" basi. Kosa liko wapi, na hizi wiki tatu nisome nini kwanza?

Mizani

Mkuu, wastani wako ni sahihi na njia uliyofuata ni yenyewe. Makosa ni mawili, na yote yanavuta upande mmoja: yanakuonyesha ushahidi mkubwa kuliko uliopo.

La kwanza ni mkengeuko. Ufanye kwa mkono walau mara moja. Toa 995 kwenye kila mfuko: −3, 6, −7, 0, 8, −5, −1, 2. Zijumlishe, lazima upate 0. Usipopata 0 kuna namba umeikosea, usiendelee mbele. Sasa tafuta mraba wa kila moja: 9, 36, 49, 0, 64, 25, 1, 4. Jumla 188. Ukigawa 188 kwa 8 unapata 23.5, na kipeuo chake cha pili ni 4.848, ndiyo namba uliyoandika wewe. Ukigawa kwa 7 unapata 26.857, kipeuo chake 5.182. Hii ya pili ndiyo s (mkengeuko sanifu wa sampuli) inayotakiwa.

Kwa nini 7 wakati mifuko ni 8? Kwa sababu wastani wa kweli wa mifuko yote huujui. Umetumia wastani uliotoka kwenye mifuko hiyo hiyo minane, na wastani wa namna hiyo hukaa katikati kabisa ya data yake, kwa hiyo jumla ya miraba inatoka ndogo kuliko ambavyo ingekuwa. Kugawa kwa n − 1 kunarekebisha hilo. Tena zile tofauti nane lazima zijumlike kuwa 0, maana yake ukishazijua saba, ya nane imejulikana tayari. Zilizo huru ni saba. Hizo ndizo digrii za uhuru, na utazihitaji kwenye jedwali.

La pili ni z. Z inafaa pale mkengeuko wa kundi zima (σ) umepewa kwenye swali. Hapa hukupewa, umeukadiria kwa mifuko minane tu, na kadirio hilo lenyewe linayumba. Kuyumba huko kunalipiwa kwa kutumia t, ambayo mipaka yake iko mbali zaidi. Jambo hili lililetwa na William Sealy Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alikuwa na sampuli ndogo za kupimia, akaona hesabu za sampuli kubwa zinampotosha, na mwaka 1908 akachapisha suluhisho kwa jina la "Student". Ndiyo sababu vitabu vinaiita t ya Student.

Hesabu sahihi: 5.182 ÷ √8 = 1.832, hilo ndilo kosa sanifu. Kisha (995 − 1000) ÷ 1.832 = −2.73. Digrii za uhuru 7, α = 0.01 pande mbili, jedwali la t linasema 3.499. Hiyo 2.73 haijafika 3.499, kwa hiyo HUKATAI H0. Umeona sasa kwa nini maksi zimekwenda nyingi: hata ungerekebisha s peke yake na kubaki na z, 2.73 bado ingevuka 2.576 na jibu lingebaki lile lile la makosa.

Fundi_Jedwali

Nyongeza ya kalkuleta, kwa sababu hilo kosa la 4.848 linaanzia kwenye vidole. Casio zinatoa mikengeuko miwili, na wengi huchukua ile ya kwanza kuonekana.

Kwenye fx-82MS: bonyeza MODE halafu 2 kuingia SD. Kabla ya kuingiza chochote futa data ya zamani: SHIFT, MODE (juu yake pameandikwa CLR), 1, kisha =. Ingiza 992 na M+, 1001 na M+, mpaka mwisho. Kila ukibonyeza M+ kioo kinaonyesha n imefika ngapi. Ukimaliza lazima isome 8. Ikisoma 15 au 23 ujue hukufuta swali lililopita. Sasa SHIFT, 2, utaona xσn na xσn−1. Chukua xσn−1. Kwenye jamii ya ES PLUS unaingia STAT, unachagua 1-VAR, unajaza safu, unabonyeza AC, halafu SHIFT na 1 kufika kwenye Var. Huko zimeandikwa σx na sx. Chukua sx.

Kwenye Excel ni hivyo hivyo: STDEV.S ni ya sampuli, STDEV.P ni ya kundi zima. Herufi moja tu inabadilisha jibu.

Ukishapata majibu, yaangalie kwa macho kabla ya kuyanakili. Chukua hii mifuko: ukikosea ukaandika 1030 badala ya 1003, wastani unakuwa 998.375, s inaruka hadi 13.4, na t inaanguka kutoka −2.73 mpaka −0.34. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, swali zima limekufa. Data yako inaanzia 988 inaishia 1003, yaani upana wa 15. Kwa sampuli ya namba nane hivi, s ya kawaida ni kama theluthi ya upana huo, karibu 5. Ukiona 13 rudi kwenye data.

BintiHesabu

Wamesema vizuri hapo juu. Mimi niseme kuhusu maandishi, kwa sababu maksi nyingi ziko kwenye sentensi na wanafunzi wanadhani ziko kwenye hesabu tu.

Nadharia tete zinaandikwa kwa μ (wastani wa mifuko yote). Andika H0: μ = 1000 na H1 (dai linalopingana nayo): μ ≠ 1000. Ukiandika x̄ (wastani wa sampuli) = 1000 umekosea moja kwa moja, maana x̄ unaijua, ni 995, hakuna cha kupima hapo. Tunachouliza ni kuhusu mifuko yote ambayo hatukuipima.

Hitimisho usiandike "H0 ni kweli" wala "tumethibitisha wastani ni 1000". Andika: "Kwa α = 0.01, data hii haitoi ushahidi wa kutosha kwamba wastani wa uzito wa mifuko yote unatofautiana na gramu 1000." Kushindwa kukataa si kuthibitisha. Mifuko minane ni michache, na inawezekana kabisa unga umepungua ila sampuli haina nguvu ya kulionyesha hilo kwa kiwango kikali namna hii.

Hilo linaonekana vizuri ukitafuta masafa ya uhakika (mipaka ambamo wastani wa kweli unakadiriwa kuwa) ya data ile ile. Kwa asilimia 95: 995 ± 2.365 × 1.832, yaani 990.7 hadi 999.3. Hapo 1000 iko nje. Kwa asilimia 99: 995 ± 3.499 × 1.832, yaani 988.6 hadi 1001.4. Hapo 1000 imo ndani. Kwa hiyo ukipima kwa α = 0.05 unakataa, kwa 0.01 hukatai, na data haijabadilika hata gramu moja. Naomba ulishike hili kwa nguvu, kwa sababu ndipo kozi yote ilipo: jibu la mtihani wa nadharia tete linategemea kiwango ulichojiwekea, na ndiyo maana α inachaguliwa KABLA ya kuona data. Anayeangalia t kwanza halafu akachagua α inayompendeza amejidanganya mwenyewe.

Na thamani ya p: kwenye jedwali la t, mstari wa 7, hiyo 2.73 iko kati ya 2.365 (0.05 pande mbili) na 2.998 (0.02). Kwa hiyo p iko kati ya 0.02 na 0.05, kompyuta itakupa kama 0.029. Maana yake: kama wastani wa kweli ungekuwa 1000, sampuli iliyo mbali na 1000 kiasi hiki au zaidi ingetokea karibu mara 3 katika kila 100. SI kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa H0 ni kweli. Swali la kweli/si kweli juu ya hili hupenda kuja, na wengi huanguka hapo.

Mkokotoaji

Mkuu Mizani, kozi nyingi zinafundisha kwamba n ikifika 30 unatumia z hata kama σ huijui. Mwanafunzi afuate alichofundishwa, asije akapoteza maksi kwa kujua zaidi.

Mizani

Ni kweli ndugu yangu, inafundishwa, na kwenye mtihani aangalie maelekezo ya kozi yake. Ila ajue kwamba huo ni mkato wa enzi za majedwali, yaliyokuwa yakiishia mstari wa 30. Kwa n = 30 na α = 0.05 pande mbili, mpaka wa t ni 2.045 na wa z ni 1.96, zimekaribiana lakini hazijalingana. Programu za takwimu zinatumia t kwa wastani kila mara σ isipojulikana. Na kwa sampuli ya mifuko 8 hakuna mkato wowote, ni t, tena kwa sharti kwamba data haijapinda sana wala haina namba moja iliyokimbia wenzake. Chora nukta kwenye mstari uangalie, dakika moja inatosha.

Fundi_Jedwali

Jedwali la z nalo lina mtego. Yapo ya aina mbili. Moja linapima eneo kuanzia 0, ukitafuta 1.96 linakupa 0.4750. Jingine linapima kuanzia kushoto kabisa, 1.96 hiyo hiyo linakupa 0.9750. Ukizoea moja halafu chumba cha mtihani wakugawie jingine, utakosea kwa 0.5 swali zima. Kabla ya kuanza, angalia z = 0.00: likisoma 0.0000 ni la kuanzia katikati, likisoma 0.5000 ni la kushoto.

BintiHesabu

Kuhusu wiki tatu: wiki ya kwanza usiguse nadharia tete. Rudi kwenye kosa sanifu, s ÷ √n, mpaka uweze kueleza kwa maneno tofauti yake na s. S inasema mifuko inatofautiana kiasi gani yenyewe kwa yenyewe. Kosa sanifu linasema wastani wa mifuko minane unayumba kiasi gani ukichukua sampuli nyingine. Asiyeshika hilo atakariri fomula mpaka mwisho wa muhula.

Wiki ya pili fanya maswali ya wastani na ya uwiano yakiwa yamechanganywa, kwa sababu kwenye mtihani hakuna atakayekuandikia "sura ya tisa". Jiulize: kila mtu kwenye sampuli ametoa namba, au ametoa ndiyo/hapana? Uzito ni namba, tumia t. Watu 220 kati ya 400 wamesema ndiyo, hilo ni uwiano, tumia z. Kosa sanifu lake chini ya H0: p = 0.5 (p hapa ni uwiano wa kundi zima, si ile thamani ya p) ni √(0.5 × 0.5 ÷ 400) = 0.025, na z ni (0.55 − 0.50) ÷ 0.025 = 2.0. Makundi mawili ya majibu yanayokutanishwa kwenye jedwali, mfano jinsia na aina ya usafiri, hiyo ni kai-mraba (chi-square). Hapo angalia idadi inayotarajiwa kwenye kila chumba isipungue 5, na utumie hesabu za watu wenyewe, kamwe usitumie asilimia.

Ya tatu ni karatasi za mitihani iliyopita, kwa saa, bila daftari.

mwaka_wa_kwanza

Asanteni sana wakuu, nimerudia na nimepata −2.73. Swali la mwisho: kama wangeuliza "je, mifuko ina unga PUNGUFU kuliko ulioandikwa", jibu lingebadilika?

Mizani

Hapo H1 inakuwa μ < 1000, upande mmoja, kama Wakala wa Vipimo anavyojali kupunjwa kwa mnunuzi na si kuzidishiwa. T inabaki −2.73, kinachobadilika ni mpaka. Kwa α = 0.05 mpaka ni −1.895, unakataa. Kwa α = 0.01 ni −2.998, bado hukatai, ingawa sasa umeukaribia. Angalia alama pia: kama wastani ungetoka 1005, t ingekuwa chanya na usingekataa hata ingefika 10, maana iko upande usioulizwa. Neno "pungufu", "zaidi" au "tofauti" kwenye swali lipigie mstari kabla hujagusa kalkuleta.