Naomba ushauri: hotuba ya dakika tatu kuhusu Daktari Aletta Jacobs

Habari zenu wakuu. Binti yangu wa kidato cha pili kapewa dakika tatu kumzungumzia Aletta Jacobs, daktari wa kwanza mwanamke Uholanzi. Tumekwama aanzie wapi.

Yeye anataka aanze na 1883. Sheria ya uchaguzi ilidai mpiga kura awe analipa kodi ya kiwango fulani, haikutaja mwanamume. Aletta alikuwa analipa, akaomba jina lake liingizwe kwenye daftari la Amsterdam. Wakamkatalia, akaenda hadi mahakama ya juu, akashindwa. Mwaka 1887 wakarekebisha katiba wakaandika wazi: wanaume. Yaani walimzibia tundu! Haki hiyo wanawake waliipata 1919, yeye ana miaka 65.

Mimi navutwa na wale wasichana wa madukani, wanasimama kutwa nzima wakija kwake wanaumwa. Akapigania wawekewe viti. Kiti tu, jamani.

Mkisikiliza mtoto jukwaani, kipi kitawashika, kodi au kiti? Na mliowahi kufundisha midahalo, tarehe abaki na ngapi? Anazo tisa kwenye karatasi na anazichanganya.