Kontroli ya GGT inasoma 28 asubuhi, 41 mchana. Shida iko wapi?

Kuveti_Ngara: Wadau habari. Napima GGT, kimeng'enya cha kwenye damu. Mashine ni semi-otomatiki, mwanga wa 405 nm, digrii 37. Seramu mikrolita 50, reajenti 500, faktori (namba ya kuzidisha badiliko la ufyonzaji mwanga kwa dakika) 1158. Kontroli, yaani sampuli ya kuhakiki mashine, inatakiwa iwe kati ya 38 na 46 U/L. Saa mbili asubuhi inatoa 28, saa saba mchana 41, na chupa ni ileile. Pili, damu iliyokuja kwenye tyubu ya kijivu pamoja na ya sukari, nipime au niirudishe? Tatu, kitabuni GGT ni kimeng'enya cha kuvusha asidi amino kwenye utando wa seli. Mbona basi tunakipima kwa ajili ya ini?

Pipeti: Hiyo ni baridi, kontroli haina kosa. Asubuhi za Julai hapa Nairobi unazijua. Reajenti ikitoka friji moja kwa moja, mashine huanza kuhesabu kabla haijapata joto. Fungua usomaji wa kila dakika: ukiona 0.020, 0.024, 0.028, yaani mwendo unazidi kuongezeka, bado inapashwa. Wastani wake 0.024 mara 1158 ni 27.8, ndiyo 28 yako hiyo. Ikiwa imeiva, dakika zote tatu hukaribiana, kama 0.035 au 0.036.

Mimina ya kutosha kazi ya saa hiyo tu, iweke kwenye bloku ya 37 dakika tano, tia seramu, changanya, ngoja dakika moja, ndipo usome dakika tatu. Chupa nzima usiipashe: sabstreti (kitu kinachomegwa na kimeng'enya) huvunjika yenyewe na reajenti hugeuka njano. Na atakayekushauri upunguze seramu iwe 25 ili kubana matumizi, mwambie faktori nayo inakuwa 2211. Hapo wengi huanguka.

Seramu Safi: Ya kijivu rudisha. Floraidi na oksaleti zilizomo hushusha kazi ya GGT, na mgonjwa mwenye tatizo dogo atatoka "sawa". Heparini nayo huweza kutia ukungu kwenye mchanganyiko. Chukua tyubu nyekundu au ya jeli. Damu iliyopasuka chembe pia usiipime: chembe nyekundu zenyewe hazina GGT ya maana, ila hemoglobini hufyonza mwanga palepale kwenye 405.

Figo na Nyongo: Swali la tatu ndilo tamu. GGT si mlango. Imekaa upande wa nje wa utando, inamega kipande cha glutamili kutoka kwa glutathioni (molekuli ndogo yenye asidi amino tatu, mojawapo sisteini) na kukibandika kwenye asidi amino. Vikishaungana ndipo huingizwa ndani na kutenganishwa. Mwanabiokemia Meister ndiye aliyeisukuma hoja ya mzunguko huo miaka ya 1970. Ila kila asidi amino moja hugharimu ATP (sarafu ya nishati ya seli) tatu, bei kali, na prolini haipokelewi kabisa. Panya wasio na GGT hupoteza glutathioni kwenye mkojo na kukosa sisteini, kwa hiyo kazi yake kubwa naiona ni kuokoa sisteini. Kwenye reajenti yako, nafasi ya asidi amino imeshikwa na glisiliglisini.

Figo ndiyo yenye GGT nyingi zaidi, lakini ya kwake huishia kwenye mkojo. Ya seramu hutoka hasa kwenye ini na mirija ya nyongo. ALP, kimeng'enya kingine cha ini na mifupa, ikiwa juu na GGT ya kawaida, fikiria mifupa, mtoto anayekua au ujauzito. GGT ikipanda peke yake, uliza pombe, na uliza fenitoini, dawa ya kifafa.